Mpilipili wa Wifi Yangu

Mawifi tuna jina baya, na sikatai kwamba wengi wetu tumelichuma kwa jasho letu wenyewe. Mimi kaka yangu alipooa, nilikwenda kumtazama bibi harusi nikiwa na dosari zake nimeshaziandaa kichwani, nikakosa hata moja ya kusema. Alikuwa mfupi, mcheshi, na alikula sahani mbili mbele yetu bila kuona haya. Mwanamke anayekula hivyo mbele ya mawifi huwezi kumchukia, hata ukijitahidi. Tangu siku ile tukawa chanda na pete, mpaka mama yetu akawa analalamika kwamba amezaa binti mmoja tu, naye ameibiwa na mkwewe.

Wifi yangu ni mkunga. Ndiyo maana nilipopata mimba yangu ya kwanza, katika umri ambao wenzangu wanaozesha, sikuwaza mara mbili, naye akaniahidi kunizalisha mwenyewe. Mume wangu anajenga barabara, na hurudi nyumbani pale barabara inapomruhusu. Basi nikafunga cherehani yangu kwenye boksi, nikahamia kwa kaka yangu, anakoishi na mama yetu. Watu wakiniuliza nitajifungulia wapi, nilijibu kwa maringo: "Mikononi mwa wifi yangu. Nyie endeleeni na foleni."

Tumbo lilikuwa ndiyo kwanza limeanza kuonekana wifi aliporudi kutoka zamu akiwa haongei. Mama mmoja alikuwa amemfia mikononi, kwa kutokwa na damu baada ya kujifungua. Mtoto alipona. Madaktari wakakaa kikao, wakaulizana maswali yao yote, na muuguzi mkuu akasema mbele ya watu kwamba hakuna kilichopaswa kufanywa kikaachwa. Wifi akasikiliza, akashukuru, akarudi nyumbani, akatundika sare yake nyuma ya mlango wa chumbani. Hakuigusa tena.

Alilala sana. Akiamka, alikaa jikoni akitazama meza. Na kitu kimoja hakuweza kabisa kukitazama, nacho ni tumbo langu. Nikiingia jikoni, anatoka. Nikikaa sebuleni, anakumbuka kuna nguo za kuanua, hata kama hakuna aliyefua. Nikajishonea magauni mapana kama mapazia ili nimpunguzie, lakini mimba haifichiki, kila wiki inadai nafasi yake. Iliniuma. Nasema kweli, iliniuma kuliko kichefuchefu, kwa sababu nilikuwa nimemkosa mtu ambaye yumo humo humo ndani ya nyumba.

Kisha akamwambia kaka kwamba ataacha ukunga. Atatafuta kazi ya kuuza duka la dawa, mahali ambapo mtu anaingia, anapewa panadol, anatoka akiwa hai. Kaka hakujua aseme nini. Mimi nilijua. Nilijua kwamba akiiacha kazi ile kwa hofu, yule mwanamke wa sahani mbili hatarudi tena, na mtoto wangu atazaliwa katika nyumba ambayo mama yake na mke wa mjomba wake hawatazamani.

Muuguzi mkuu, Mungu ambariki, ndiye aliyemwelekeza kwa mshauri nasaha.

"Mshauri wa nini?" mama akauliza.

"Wa afya ya akili, mama," kaka akamjibu.

"Mkwe wangu si kichaa."

"Si kichaa, mama. Ana huzuni."

"Na huzuni siku hizi ina mtu wa kuishughulikia, analipwa mshahara?" Akatikisa kichwa, lakini yeye ndiye aliyempigia wifi pasi nguo za kwenda nazo.

Kaka alikuwa kazini, kwa hiyo nilimsindikiza mimi, nikitembea nyuma yake ili asilazimike kuniona. Chumba cha mshauri kilikuwa cha mwisho kabisa, nyuma ya zahanati. Kilikuwa na meza, lakini meza yenyewe ilikuwa imezikwa na mifuko ya mbegu na makopo ya kila aina: ya rangi, ya maziwa, ya mafuta ya kupikia, yote yametobolewa matundu chini. Mtaa mzima walimwita Mama Makopo. Viti vyake viwili vilikuwa nje uani, na havikutazamana. Vyote vilielekezwa kwenye ukuta wenye makopo yaliyopangwa safu kwa safu, kila kopo na mche wake. Mwenyewe alikuwa mama mnene, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, kucha zimejaa udongo.

Akamkaribisha wifi kwa mikono miwili. Kisha akanigeukia.

"Na wewe, mama kijacho, kiti chako kile pale kivulini. Na masikio yako yakae huko huko."

Nilimpenda na kumchukia kwa wakati mmoja.

Sikusikia kitu, kwa sababu hapakuwa na cha kusikia. Walichekecha udongo. Mama Makopo anamimina, wifi anatikisa chekeche, mawe yanabaki, wanayatupa pembeni. Karibu saa nzima! Mimi ambaye siwezi kukaa kimya hata nikitunga uzi kwenye sindano, nilitokwa na jasho kwa niaba yao.

"Mmezungumza nini?" nilimuuliza wifi njiani, kutoka nyuma.

"Mbolea."

"Mbolea?"

"Na mawe. Tumetoa mawe."

"Na kuhusu yule mama?"

"Hakuniuliza."

Nilitaka kugeuka nikamuulize yule mwanamke mshahara wake ni wa kazi gani. Na safari iliyofuata nilimuuliza kweli, wifi alipokwenda kunawa. Hakukasirika. Alivaa miwani yake ili anione vizuri.

"Mama kijacho, ukimkalisha mtu mbele yako ukamkodolea macho, atajitetea hata kama hujamshitaki," alisema. "Wakikaa wawili wakatazama kitu kimoja, mazungumzo huja. Yasipokuja leo, angalau udongo umechekechwa. Mimi sipati hasara."

"Na yakichelewa sana?"

Akatazama tumbo langu, akanielewa. Sauti yake ikashuka. "Najua una haraka. Haraka yako ni ya halali. Lakini ni yako, si yake. Usimbebeshe."

Nikarudi kwenye kiti changu cha kivulini.

Baada ya safari kadhaa za mawe na mbolea, akampa wifi mche wa pilipili kwenye kopo la maziwa. Ulikuwa na majani sita, umesimama kwa kiburi.

"Huu ni wako peke yako," alimwambia. "Kila asubuhi tia kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Kikitoka kikavu, upe maji. Kikitoka kimelowa, uache. Siku hiyo hauna haja nawe, na si ubaya." Kisha akainua macho mpaka kivulini. "Peke yake, mama kijacho. Umesikia?"

"Nimesikia," nilisema, na sikuwa nadanganya. Nilikuwa nimesikia vizuri sana.

Kopo likawekwa dirishani jikoni. Na asubuhi yake, kwa mara ya kwanza tangu balaa lile, wifi aliamka kwa sababu kuna kitu kinamngoja. Alikwenda dirishani na nywele zake zimetimka, akatia kidole, akakitazama. Sisi tuliokuwa mezani tuliacha kutafuna. Ungedhani tunasomewa matokeo ya mtihani.

"Umelowa," akasema, akarudi kulala.

Hapo ndipo mapenzi yalipoanza kufanya uharibifu wake.

Mama aliamini kwamba mche ule ukinyauka, mkwewe atanyauka nao. Kwa hiyo aliamka mapema kuliko wote, na kabla hata hajafunua pazia aliupa kikombe cha maji, pamoja na dua. Kaka yangu ni fundi bomba, mtu ambaye kazi yake ni kufikisha maji kwa watu. Aliporudi jioni, hakuweza kuupita bila kuuongezea kidogo. Na mimi? Mimi mchana, jua likiwa kali dirishani, nilikuwa nikiuonea huruma kwa kikombe kimoja, wakati mwingine kimoja na nusu. Na nisijifanye mtakatifu, nilikuwa nalifikiria na tumbo langu. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na sisi tulikuwa watatu kwenye kopo moja la maziwa.

Wifi akitia kidole, kimelowa. Kesho yake, kimelowa. "Udongo huu haukauki," alisema siku moja, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeambiwa kwamba hahitajiki. Majani yakaanza kugeuka manjano. Sisi tulipoona manjano tukasema, maskini, una kiu. Tukaongeza.

Siku ya Jumamosi alisimama pale dirishani muda mrefu. Jani moja lilikuwa limeanguka, jingine limejikunja. Akaligusa.

"Hata huu nimeuua," akasema.

Aliyasema maneno hayo kwa upole, kama mtu anayetaja saa, na kwa upole wake yakawa mabaya zaidi. Kaka akaweka mkate chini. Mama akageukia jiko ambalo halikuwa na kitu juu yake. Mimi mtoto alinipiga teke, nikaona ni haki yangu.

Alipoingia kuoga, niliwahi dirishani na kikombe, kuuokoa. Mlango wa nyuma ukafunguka, mama akaingia na kikombe amekificha chini ya mtandio. Kabla hatujaulizana, kaka akatokea kutoka sebuleni akinyata. Yeye alikuwa na birika zima.

"Mama, hicho ni nini?" nikauliza.

"Na hicho chako ni nini?"

"Mimi huwa naupa kidogo mchana."

"Mchana?" kaka akasema. "Dada, mimi naupa kila jioni!"

"Na mimi alfajiri," mama akasema polepole, na nikaona uso wake unabadilika jinsi hesabu ilivyokuwa ikimwingia. "Jamani. Tumeuzamisha."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni, taulo kichwani, maji yanamchuruzika shingoni.

"Tangu lini?" akauliza.

Mama alikiweka kikombe mezani. Kaka alijaribu kulificha birika nyuma ya mgongo, mtu mzima na ndevu zake.

"Nimeuliza, tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza, mwanangu," mama akasema. "Tulikuwa tunakusaidia."

"Mlikuwa mnanisaidia!" Sauti ilipanda mpaka vikombe vikaitikia kabatini. "Mnaniona siwezi kutunza hata kopo? Kila asubuhi natia kidole, naambiwa sihitajiki, kumbe ni nyinyi! Mmenifanya nione nimeua tena, na mlikuwa mmekaa hapo mezani mnanitazama!"

Alikuwa na haki kwa kila neno. Na mimi huku nagombezwa, machozi yananitoka, moyoni nilikuwa nafurahi kama mwendawazimu, kwa sababu ile ilikuwa sauti yake. Wiki zote zile sikuwa nimeisikia.

Akavaa, akalikwapua kopo, akatoka. Nilimfuata nikibingirika kadiri nilivyoweza.

Mama Makopo alikuwa uani anakunywa chai iliyokwisha kupoa. Wifi akaliweka kopo mapajani mwa mshauri.

"Umekufa," akasema.

"Tuone." Akalipindua kopo, akagonga kitako chake, mche ukatoka mzima na udongo wake. Mizizi ilikuwa ya kahawia, laini, na harufu yake hata mimi niliyesimama mbali ilinifikia. "Umeoza. Maji."

Sikuweza kuvumilia. "Ni sisi," nikasema. "Si yeye. Mimi, na mama, na kaka. Kila mmoja kwa zamu yake, bila mwenzake kujua."

"Watatu?"

"Watatu. Kaka alikuwa na birika."

Nilitegemea kufukuzwa. Badala yake alicheka, akacheka mpaka miwani ikaruka kifuani, akajifuta macho kwa nyuma ya kiganja akajipaka udongo shavuni. "Wifi mtu, unapendwa wewe," alimwambia. "Unapendwa vibaya, lakini unapendwa."

Kisha akaacha kucheka, akausogeza mche katikati yao ili wautazame wote wawili.

"Wewe kila asubuhi ulifanya nini?"

"Nilitia kidole."

"Kikawaje?"

"Kimelowa."

"Ukafanya nini?"

"Nikauacha."

"Ulikosea?"

Wifi aliupapasa mzizi mmoja. Nilifungua mdomo, Mama Makopo akanyoosha kidole kimoja kuelekea kwangu bila kunitazama, nikaufunga.

"Hapana," wifi akasema mwishowe.

"Na mche?"

"Unakufa."

"Basi kaa na hayo mawili. Hukukosea, na mche unakufa. Yote ni kweli."

Wifi akakaa chini, pale pale kwenye udongo, na nguo zake zilizopigwa pasi. Alianza kulia, na hakuwa analia kwa kujificha kama nyumbani. Nikageuka niende kwenye kiti changu cha kivulini, maana kuna mambo hata mtu mwenye mdomo kama wangu hayamhusu.

"Kaa, wifi," akasema.

Nikakaa chini, nikijua kabisa kwamba kuinuka itakuwa shughuli ya watu wawili.

Alisimulia huku akiutazama mche. Alisema jinsi alivyolikandamiza tumbo la yule mama kwa mikono yote miwili. Dawa alipewa, damu ya kuongezwa ilikuwa njiani, mwenzake alikimbia, daktari alikuja. "Na yeye alikuwa anaongea nami muda wote," alisema. "Hakulalamika. Aliniuliza, nesi, mtoto ana nywele? Nikamwambia, nyingi sana, mama, nyingi nyeusi. Akatabasamu. Mimi mtoto sikuwa nimemtazama, mshauri. Macho yangu yalikuwa kwenye damu. Nilimdanganya mtu anayekata roho. Kila nikiona tumbo, nalisikia swali lile."

Mama Makopo hakusema kwamba si kitu. Hakusema kazi ya Mungu haina makosa, kama tulivyosema sisi sote kwa zamu. Alimwekea mkono mgongoni, na ulipotoka uliacha alama ya vidole vitano kwenye blauzi.

"Mtoto yuko wapi sasa?" akauliza.

"Kwa bibi yake. Nyuma ya soko."

"Umeshakwenda kumtazama?"

"Niende na uso gani?"

"Na huo huo. Huna mwingine." Akaanza kuikata mizizi iliyooza kwa mkasi mdogo, taratibu. "Sikutumi. Nakwambia tu kwamba njia ipo. Ukiwa tayari, utaiona." Kisha akanitazama mimi. "Na nyinyi waokoaji mtamwacha aende mwenyewe, siku anayotaka mwenyewe. Asipokwenda, mtamwacha vilevile. Birika libaki jikoni."

Mpilipili haukupona. Mama Makopo aliupunguza, akaupandikiza upya, ukakaa siku chache ukafa. Mama yetu alijiandaa kwa msiba. Lakini wifi aliumwaga kwenye takataka za mboga, akasuuza kopo, akaligeuza likauke, akauliza nani amemaliza sukari.

Kisha tukaingia kwenye kazi ngumu kuliko zote, kazi ya kutofanya kitu. Hamjui ugumu wake kama hamjaishi na mama yangu. Alikuwa akifungua mdomo, namkanyaga mguu. Mimi nikifungua wangu, yeye ananipa kitu cha kutafuna. Kaka alirekebisha mabomba yote ya nyumba ambayo hayakuwa yakivuja. Tulimpenda wifi mpaka tukaumwa meno, na hatukumuuliza kitu.

Asubuhi moja alijifunga kilemba, akachukua mfuko wenye sabuni na nguo za mtoto nilizokuwa nimemshonea mwanangu, akatoka. Hakusema anakwenda wapi. Tulijipanga dirishani watatu mpaka akapinda kona.

Alirudi mchana. Nilikuwa jikoni, nikasimama ili nimpishe kama kawaida. Akavuta kiti, akakaa mbele yangu.

"Hana hata unywele mmoja," akasema.

"Nani?"

"Mtoto. Kichwa kitupu, kinang'aa. Wifi, nilimwambia mama yake nyingi nyeusi!"

Midomo yake ilikuwa inacheza, sikujua kama ni kicheko au kilio, na nadhani hata yeye hakujua. Alisema alimweleza bibi wa mtoto kila kitu, pamoja na uongo wake. Yule bibi alimweka mtoto vizuri begani kwanza. Halafu akacheka, akashika ukuta, akasema binti yake naye alizaliwa hivyo hivyo, na maisha yake yote alikuwa akiomba apate mtoto mwenye nywele. "Basi ulinisindikizia mwanangu vizuri," bibi alimwambia. Kisha akalia, wakalia wote wawili, na mtoto akawekwa mikononi mwa wifi kwa sababu bibi alihitaji mikono ya kujifuta machozi.

Tulilia na sisi, pale jikoni, mpaka mama akaja na taulo moja la kutosha wawili. Nilimpenda wifi yangu siku ile kuliko siku ya sahani mbili.

Lakini nisiwadanganye kwamba mambo yalinyooka. Sasa alikuwa analitazama tumbo langu, ndiyo. Alikuwa ananiuliza kama miguu inavimba, ananikataza chumvi. Kuligusa, bado. Na wodini hakurudi. Kaka alipomuuliza, alisema "Sijui", na ilikuwa sijui ya kweli. Muuguzi mkuu alimwambia mlango uko wazi. Mimi nilipimwa na wakunga wengine, wote wazuri, mikono yao yote ina joto, nikawa nawashukuru na kurudi nyumbani. Nilimtaka wa kwangu.

Uchungu ulinianza asubuhi, nikiwa kwenye cherehani, katikati ya pindo. Mama alichanganyikiwa, akapakia sufuria kwenye begi, akaliacha taulo. Kaka alikuwa chini ya sinki la watu upande wa pili wa mji. Wifi ndiye aliyetoa sufuria, akaweka taulo, akaita teksi, akakaa nami nyuma akihesabu pumzi zangu kwa sauti, mikono yake ameibana katikati ya magoti.

Hospitalini tulitembea pamoja mpaka mwisho wa ukumbi, kwenye mlango wa wodi ya wazazi. Ni mlango wa kijani wa mbao mbili, una kioo kidogo juu, na harufu ya dawa ya kusafishia inakufikia kabla hujausukuma. Ndani kulikuwa na mwanamke anaugulia. Wifi akasimama.

Hakuwa amefika pale tangu siku ile. Niliona shingo yake ikikakamaa. Akaliweka begi chini. Wakati huo huo uchungu ukanikamata upya, nikashika ukuta.

Nilikuwa na maneno tele. Nilikuwa na "wifi, uliniahidi". Nilikuwa na "wifi, nionee huruma". Nilikuwa hata na lile la upole, "nenda nyumbani, mpenzi, wengine watanizalisha", ambalo ndilo lililonijia karibu kabisa na ulimi, na ndilo ambalo lingemzamisha. Mlango ukafunguka kidogo, mkunga wa zamu akachungulia, akamwona mwenzake, akabaki ameshika kitasa. Tukasimama wanawake watatu ukumbini, hakuna anayesema neno. Maumivu yalikuwa yananipasua mgongo. Niling'ata ukosi wa gauni langu, nikafumba macho, nikamwachia mlango wake.

Nilisikia bomba la maji linafunguliwa. Sijui lilikaa wazi muda gani. Niliposikia limefungwa, nilifumbua macho, na wifi yangu alikuwa upande wa pili, ndani, ameukunja mkono wa blauzi mpaka kwenye kiwiko, ameshikilia mlango kwa mgongo wake.

"Sasa wewe unangoja nini hapo nje?" akasema. "Kadi ya mwaliko?"

Kisha akanyoosha mkono, akauweka juu ya tumbo langu. Ulikuwa wa baridi, na umelowa. Nikaushika pale pale kwa mikono yangu yote miwili, tukangoja uchungu upite, ndipo tukaingia.